Mahekalu ya Wagiriki hayakuwa meupe

Ukitaja hekalu la Kigiriki, wengi hufikiria marumaru nyeupe tupu. Weupe huo umeletwa na mvua, jua na karne nyingi, wajenzi hawakuukusudia.

Chukua Parthenon ya Athens, iliyoanza kujengwa mwaka 447 KK. Mikanda ya mawe iliyochongwa juu ya nguzo na chini ya paa ilipakwa rangi, buluu na nyekundu zikitawala. Mara nyingi fundi hakuchonga hata jani moja: aliuacha mkanda laini, akachora kwa brashi.

Wala hakuchora ovyo. Mkanda uliotokeza nje kama tumbo ulipewa safu ya mayai na mishale. Uliojipinda mara mbili ulipewa majani yenye umbo la moyo. Mstari wa pambo uliufuata mpindo wa jiwe lenyewe. Hapo ndipo akili yao ninapoivulia kofia, maana mtu aliyesimama chini aliweza kutambua umbo la mkanda hata pale ulipofunikwa na kivuli.

Dhana ya weupe ilikita Ulaya karne ya 18. Karne iliyofuata Hittorff, msanifu majengo wa Ufaransa, alipotetea rangi kwa ushahidi kutoka mahekalu ya Kigiriki ya kisiwa cha Sicily, alizua ubishi mkali. Siku hizi vipimo vimeonyesha mabaki ya buluu ya Kimisri, rangi ya kale ya kutengenezwa, kwenye sanamu za Parthenon.