Ukiigawa kanzidata, usiisahau jumla yake

Wiki hii nimeulizwa tena, na kijana anayeshughulikia protini za konokono wa kichocho hapa Chake Chake: "Mwalimu, tukiigawa kanzidata kwa kompyuta kumi, si tutapata majibu yale yale, ila upesi?" Hapana, mwanangu!

Kugawa si kosa. Kanzidata, yaani hazina ya sikwensi (mifuatano ya herufi za protini au DNA), ikizidi kumbukumbu ya mashine, BLAST, programu inayotafuta humo sikwensi zinazofanana na yako, hushinda ikisoma diski na kazi haiishi. Unaikata mafungu kumi, kila kompyuta inapekua lake, unakusanya.

Balaa liko kwenye thamani E. Hiyo huhesabu ulinganifu wa alama kama hii ungetokea mara ngapi kwa bahati tu, katika kanzidata ya ukubwa huu. Ukubwa huu! Shika karafuu moja, utafute ya kufanana nayo ndani ya pishi, kisha ndani ya magunia kumi: bahati si moja. Kompyuta yenye fungu moja hudhani pishi lake ndiyo shamba zima, ikatoa E ndogo takriban mara kumi. Kilichokuwa 0.05 kinarudi 0.005, na ukiwa umeweka mpaka wa 0.01, ukikubali kilicho chini yake tu, kimepita. Alama ya biti, inayopima kufanana kwenyewe bila kujali ukubwa wa kanzidata, haikuguswa, ndiyo maana watu hawashtuki.

Kwa hiyo kila kompyuta iambiwe, kwa chaguo la BLAST liitwalo -dbsize, idadi ya herufi za kanzidata nzima. Au gawa maswali (sikwensi zako unazozitafutia ndugu) badala ya kanzidata, kama kumbukumbu inatosha.

Na andika tarehe ya nakala yako, tafadhali. Kanzidata za umma, GenBank ya Marekani, ENA ya Ulaya na DDBJ ya Japani, hubadilishana sikwensi kila siku, na jumla inakua. E ya mwaka jana si ya leo. Nimewahi kuletewa diski kwa boti kutoka Unguja, haina tarehe. Siku mbili zikapotea.

Ule mpaka wa 0.01 wenyewe ni mazoea. Ukinibana kwa nini si 0.02, sina hoja ya kibiolojia.

Jana kijana amerudia kazi akiwa ameweka jumla, na protini mbili alizozifurahia zimetoka kwenye jedwali. Nimemwambia asizifute, aziweke faili la peke yake. E kubwa haikatai undugu, na hizo mbili huenda ni ndugu wa mbali kweli.