Seva Isipojibu: Kuweka Kikomo cha Muda kwenye Skripti Zinazosoma Logi

Skripti nyingi za kukagua logi (kumbukumbu za matukio) za seva za mbali huandikwa kwa kudhani kwamba seva ama itajibu, ama itakataa. Hali ya tatu, yaani seva isiyojibu wala kukataa, mara nyingi haijaandikiwa hata mstari mmoja. Kwa sisi tunaosimamia mifumo, hiyo ndiyo hali inayoleta matatizo usiku wa manane, kwa sababu skripti iliyokwama hailalamiki. Haitumi ujumbe wala haiandiki kosa, na msimamizi anaamini ukaguzi unaendelea.

Tuangalie kinachotokea. Ukitumia ssh (programu ya kuingia kwenye seva ya mbali) kuunganisha na seva iliyozimika, au ngome ya mtandao (firewall) ikimeza pakiti zako, yaani vipande vya data, bila kujibu, kerneli (kiini) ya Linux hurudia kubisha hodi mara 6 kabla ya kukata tamaa. Kwa mipangilio ya kawaida hilo huchukua takriban sekunde 127. Ni muda mrefu, lakini angalau una mwisho unaoonekana.

Ni hatari zaidi muunganisho ukivunjika baada ya kukubaliwa. Amri imeshatumwa, skripti inasubiri kusoma tu, na haina cha kutuma ambacho kingeifanya igundue kwamba upande wa pili haupo. Linux husubiri saa 2 ndipo ianze kuhakiki kama muunganisho uko hai, kisha hujaribu mara 9 kwa kupishana sekunde 75. Jumla ni kama saa 2 na dakika 11. Ikiwa cron (programu ya kuendesha amri kwa ratiba) inaita skripti hiyo kila baada ya dakika 5, kufikia hapo utakuwa na nakala kama 26 zilizorundikana, zote zikisubiri seva ileile.

Eneo letu linalijua tatizo hili vizuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Mtandao uliozorota huisumbua skripti kuliko uliokufa kabisa: pakiti za kuanzisha muunganisho zinapita, halafu zinazobeba logi zinapotea njiani.

Kinga ya kwanza iko ndani ya ssh yenyewe:

ssh -n -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=10 -o ServerAliveInterval=15 -o ServerAliveCountMax=3

ConnectTimeout huweka kikomo cha kuunganisha. BatchMode huzuia ssh kuomba nywila, jambo ambalo ndani ya cron halina mtu wa kulijibu. Mipangilio miwili ya mwisho humfanya mteja aulize kila sekunde 15 kama seva ipo, na akikosa jibu mara 3 akate mwenyewe. Saa 2 na ushee zinageuka sekunde 45. Zingatia kwamba bila kuiandika, ServerAliveInterval ni 0, maana yake haifanyi kazi kabisa.

Wengi huishia hapo, na hapo hapatoshi. Maswali hayo hujibiwa na sshd (ssh ya upande wa seva), na sshd inaweza kuwa nzima kabisa huku journalctl (amri ya kusoma logi) ikihangaika kupekua logi za miezi sita kwenye diski iliyozidiwa. Muunganisho uko hai. Kazi ndiyo haiishi. Hapa inahitajika amri ya timeout, inayokatisha amri nyingine muda wake ukiisha, na iwekwe pande zote mbili. Ukiiweka upande wako tu, unaua ssh ya kwako huku amri ya kule ikiendelea. Bila terminali, amri ya mbali haipati taarifa kwamba umeondoka, na hufa tu pale itakapojaribu kuandika matokeo yasiyo na wa kuyapokea. Grep (amri ya kutafuta maneno) inayopekua faili la gigabaiti 40 bila kupata kitu haina cha kuandika, kwa hiyo itasoma hadi mwisho, na baada ya dakika 5 mwenzake atajiunga naye kwenye diski ileile.

Kwa huduma tuliyoiita malipo, amri yangu ingekuwa hivi, chaguo za ssh za hapo juu zikiwa ndani ya kigeu CHAGUO:

timeout 45 ssh $CHAGUO seva1 'timeout -k 5 25 journalctl -u malipo --since "15 min ago" --no-pager' > logi.txt

Kikomo cha ndani ni kifupi kuliko cha nje kwa makusudi, ili seva ijisafishe yenyewe kabla ya upande wako kukata. Chaguo la -k 5 humaanisha kwamba mchakato usiposikia ombi la kuacha, baada ya sekunde 5 unauawa kwa nguvu. Na --since ni kikomo pia, tena kizuri kuliko vyote, maana kinapunguza kazi yenyewe.

Sasa naomba umakini, kwa kuwa hapa ndipo skripti nzuri hugeuka kutoa taarifa za uongo. Mazoea ni kuunganisha amri hiyo moja kwa moja na grep -c ERROR (hesabu ya mistari yenye ERROR) kwa mfereji, yaani alama | inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine. Muda ukiisha, timeout hutoa namba 124 kama namba ya kumalizia (exit code), lakini mfereji hurudisha namba ya amri ya mwisho, yaani grep. Grep itahesabu vipande vilivyofika na kukuandikia, tuseme, 0. Aliyesoma 0 ataelewa hakuna hitilafu, kumbe logi haikusomwa. Hata set -o pipefail, inayofanya mfereji urudishe namba ya amri iliyoshindwa, haikuokoi hapa: grep ikikosa mstari hutoa 1, na pipefail huchukua namba isiyo sifuri iliyo kulia zaidi, hivyo 124 inafunikwa. Ndiyo maana naandika kwanza kwenye faili, nakagua namba, ndipo nahesabu.

Namba 124 au 137 ni muda kuisha. 255 kwa kawaida ni muunganisho kushindikana. Zote ziripotiwe kuwa HAIJULIKANI, kwa rangi yake, kamwe zisichanganywe na salama. Mkuu wa kitengo anayeona kijani asubuhi ana haki ya kujua kijani hicho kimetokana na logi iliyosomwa.

Wanaosoma logi kwa HTTP wana mitego yao. Curl (amri ya kuvuta data kwa HTTP) haina kikomo cha jumla usipoiwekea --max-time. Muda huo ukiisha, hutoa namba 28. Maktaba ya requests ya Python nayo husubiri bila kikomo usipotaja timeout, na hata ukitaja, inapima ukimya kati ya data na data, si muda wote wa ombi. Elasticsearch (mfumo wa kuhifadhi na kutafuta logi) inaweza kurudisha jibu la 200, yaani la mafanikio, lenye matokeo nusu, na ndani yake timed_out ikiwa true. Usipoangalia sehemu hiyo, umerudi kwenye sifuri ya uongo.

Kuhusu ukubwa wa kikomo, pima amri kwa time wakati wa msongamano, si usiku seva ikiwa imetulia, kisha zidisha mara tatu. Halafu piga hesabu ya mzunguko mzima. Seva 12 zikikaguliwa moja baada ya nyingine kwa kikomo cha sekunde 45, siku mtandao ukizorota kote utatumia sekunde 540, yaani dakika 9, wakati cron inarudi kila baada ya dakika 5. Zigawe kwa xargs -P 4, inayokagua seva nne kwa wakati mmoja, zinakuwa raundi tatu, jumla sekunde 135, na mstari wa cron wenyewe uanze na flock -n (amri ya kufunga kufuli) ili nakala ya pili isianze ya kwanza ikiwa haijamaliza.