Mungu anakuona, hata chini ya kitanda

Mpwa wangu ana miaka minne. Juzi alichota sukari kwenye kopo, akajibanza nayo chini ya kitanda, akawa anailamba gizani. Bibi yake akamwambia, "Mungu anakuona." Kikatoka kichwa: "Hata huku?" Hakuuliza Mungu ni nani. Wala hakuuliza kosa lake. Angekuwa halijui, asingejificha.

Nafundisha saikolojia ya watoto, na kila mwaka wanafunzi huniuliza kama dhamiri na imani tunazaliwa nazo. Muislamu huleta hoja ya fitra, yaani maumbile ya kumjua Mungu ambayo mtu huzaliwa nayo, Mkristo hufungua Warumi 2:15, sheria iliyoandikwa mioyoni. Wote huyachukulia mambo hayo kuwa kitu kimoja. Mimi naona ni viwili vilivyokutana njiani.

Kuhusu dhamiri, mwaka 2007 Kiley Hamlin, Karen Wynn na Paul Bloom wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha watoto wachanga vipande vya mbao vyenye macho. Kimoja kinahangaika kupanda mlima, cha pili kinakisukuma juu, cha tatu kinakirudisha chini. Kisha mtoto akaachiwa achague kati ya msaidizi na mkorofi. Wa miezi sita, wote 12 walimshika msaidizi. Wa miezi kumi, 14 kati ya 16. Nilikuwa nikilisimulia jaribio hili darasani kwa mbwembwe. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya maabara 37 zilizolirudia kwa pamoja: watoto waligawanyika nusu kwa nusu. Siku hizi nalisimulia kwa sauti ya chini.

Ila mtoto wa mwaka mmoja na nusu hanitii wasiwasi. Dondosha kitu, nyoosha mkono kama usiyekifikia, uone: atakiendea, akupe, bila kuombwa wala kuahidiwa pipi.

Imani huingilia mlango mwingine. Mwanasaikolojia Deborah Kelemen aliwauliza watoto wa Marekani kwa nini mawe fulani yana ncha. Wengi walipenda jibu kwamba ni ili wanyama wapate pa kujikunia. Mtoto anayeona kila kitu kina kazi yake hana safari ndefu kumfikia aliyekipa hiyo kazi.

Na viwili hivyo vinaweza kuishi mbalimbali. Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, Tanzania, humtaja Haine, lakini si mungu wa kufuatilia sana nani kamdhulumu nani. Hata hivyo mnyama mkubwa akiuawa, nyama huliwa na kambi nzima. Ukificha, watakaokusumbua ni majirani.

Wahadzabe walikuwemo pia kati ya watu 591 wa jamii 8 katika utafiti wa Benjamin Purzycki na wenzake, 2016. Unapewa sarafu 30 na vikombe viwili, tuseme kimoja chako, kingine cha mtu wa dini yako anayeishi mbali. Unawaza kikombe kimoja, unarusha dadu ya rangi mbili. Rangi hii ikitokea, sarafu inaingia ulikowaza. Ile nyingine, inaingia kwingine. Hakuna anayekuona. Ukicheza kwa haki utatoka karibu 15 kwa 15. Walioamini kwamba mungu wao anajua ya moyoni na huadhibu, walimwachia yule wa mbali sarafu nyingi zaidi.

Nimeujaribu peke yangu, mlango nimefunga, kwa sarafu za shilingi mia. Kwenye ya kumi hivi nikajikuta nasema: hapana, nilikuwa nimewaza kile kingine.