Nimesamehewa nini? Msamaha wa rais na kura ya mtu aliyetoka jela

Mwezi jana mzee mmoja wa upande wa Luanda aliingia ofisini kwangu hapa Kisumu na bahasha ya kaki imekunjwa mara nne, akakaa, akaomba maji, halafu akaniambia anataka nimwandikie barua kwa rais. Barua ya nini mzee? Ya msamaha, ndio 2027 apige kura, na pia apate cheti cha tabia njema ju kuna mahali wanatafuta soja wa usiku na bila hiyo karatasi hawakuangalii mara mbili. (Ameniruhusu niandike, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ndio majirani wasimjue.)

Alikuwa amehukumiwa miaka saba kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba. Akakaa jela ya Kodiaga, hapa Kisumu, mpaka akamaliza, wakamkatia ile theluthi wanayokukatia ukiwa na nidhamu, akarudi nyumbani akakuta mabati ya nyumba yameenda na shamba linalimwa na mtu mwingine. Tangu siku ya kwanza kortini alikuwa anasema si yeye. Nimefanya kesi za jinai kwa muda na wengi husema si wao, kwa hivyo sikushtuka, nikaendelea tu kusoma makaratasi yake.

Nianze na kura ndio tuimalize, ju hiyo ni rahisi na inaniudhi venye watu hawajui. Mzee hakuwahi kupoteza kura yake. Kifungu cha 83 cha Katiba kinataka mpiga kura awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kwamba akili yake si timamu, na asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi kwa miaka mitano iliyopita. Imeisha hapo. Hakuna mahali wameandika wizi, hakuna mauaji, hakuna bangi. Yaani aliyeua anaweza kupiga kura lakini aliyehonga wapiga kura akafungwa anangoja miaka mitano, na ukiifikiria vizuri utaona waandishi hawakuwa wamelala.

Kinachochanganya watu nadhani ni kugombea. Kifungu cha 99 kinamzuia mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi kugombea ubunge, na hata huyo hazuiwi mpaka rufaa zake zote ziishe, ndio maana mnaona wengine wanapeperusha bendera za kampeni na kesi imewakalia shingoni. Lakini hiyo ni kuombwa kura, si kupiga. Mtu akisikia kwa redio “amezuiwa kwa sababu alihukumiwa” anabeba hiyo maneno mpaka kijijini, inafika ikiwa imegeuka kuwa “ukifungwa huna kura”. Nimesikia hata mzee wa mtaa akiisema kwa mkutano na watu wanatingisha vichwa.

Zamani ilikuwa kweli. Katiba ya kale iliwafungia nje walio kizuizini, na ni Juni 2010 tu ndio kulitokea kesi iliyoletwa kwa niaba ya wafungwa wa Shimo la Tewa, Priscilla Nyokabi Kanyua dhidi ya Mwanasheria Mkuu, korti maalum ya migogoro ya katiba ikasema wafungwa waandikishwe wapige kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti. Wakapiga. Kwa hivyo watu waliokuwa ndani walisaidia kupitisha katiba ambayo baadaye haikuwataja kama watu wa kunyimwa kura, na mimi hiyo huifurahia sana. Uchaguzi wa 2013 ukawapita, shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria walienda kortini na korti ikakubali kwamba haki iko lakini muda wa kuandikisha ulikuwa umeyoyoma. 2017 wakapiga, ya rais peke yake. 2022 tena ya rais peke yake. Daftari la 2022 lilikuwa na watu 22,120,458 na wafungwa ndani yake walikuwa 7,483. Hiyo ni kidogo sana, na haisababishwi na sheria, ni kitambulisho. Mtu anashikwa usiku hana kitambulisho, au kilibaki nyumbani na mama hajui kiko wapi, au kilipotelea kituoni, na bila kitambulisho au pasipoti hakuna kuandikishwa.

Halafu kuna hii ya mahabusu, wale wanangoja kesi. Hawa hata hawajahukumiwa! Lakini kama ulijiandikisha shule ya msingi ya kwenu huko Emuhaya na siku ya kura uko rimandi Kodiaga, kura yako iko Emuhaya na wewe uko Kodiaga, na hakuna basi la kukupeleka. Aliyehukumiwa akaandikishwa ndani anapiga, ambaye bado anahesabiwa hana hatia anakaa akimwangalia mwenzake akipanga laini. Nieleze mimi hiyo. Na ukiandikishwa ukiwa ndani kisha ukatoka, kumbuka kuhamisha usajili, la sivyo jina lako limebaki kule jela.

Kuna kijana hapa ofisini aliniuliza kama si hata Marekani wafungwa hawapigi. Huko inategemea jimbo. Maine na Vermont unapiga hata ukiwa ndani. Florida watu wenyewe walipiga kura Novemba 2018, karibu asilimia 65 wakakubali kwamba waliomaliza vifungo warudishiwe kura isipokuwa wa mauaji na makosa ya ngono, ikakadiriwa ni watu kama milioni 1.4, halafu 2019 bunge la jimbo likasema mpaka umalize pia faini na ada zote za korti. Mtu hajui hata anadaiwa ngapi. Kwa hivyo kwa hii moja sisi tuko mbele, na si kila siku nasema hivyo.

Sasa tuje kwa msamaha, ju hapo ndipo mzee alinikalisha chini.

Kifungu cha 133 kinampa rais nguvu ya huruma. Anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, anaweza kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kuipunguza yote au sehemu. Siku hizi hafanyi peke yake, kuna kamati ya kumshauri, ndani yake kuna Mwanasheria Mkuu, waziri anayesimamia magereza na wengine angalau watano ambao si maafisa wa serikali, na Sheria ya Mamlaka ya Huruma ya 2011 ndiyo inaiendesha. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi, si lazima wakili, hata dada ya mfungwa anaweza. Kamati inaruhusiwa kusikiliza walioumizwa na kosa pia.

Mnayoijua zaidi ni ile ya jumla. Agosti 2009 Kibaki aliwaondolea kitanzi watu zaidi ya 4,000 wakawa wa maisha. Oktoba 2016 Uhuru akafanya hivyo kwa 2,747. Ruto akafanya yake 2023. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987 kwa hivyo wengi walikuwa wanangoja kitu ambacho hakiji. Lakini angalieni kilichobadilika, ni adhabu tu. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa hukumu yako ilikuwa na makosa. Kitanzi kimeondoka, jina la muuaji limebaki.

Nikamweleza mzee hayo, nikamwambia tunaweza kuandika ombi, tueleze umri wake, afya yake, venye alikaa vizuri ndani. Akanyamaza. Kisha akasema, “Sasa mwanangu, wakili, nimesamehewa nini?”

Sikuwa na jibu la haraka. Hata kwa lugha yetu ya kawaida, huwezi kumsamehe mtu ambaye hajakukosea. Ukimwambia jirani “nimekusamehe” na hajafanya kitu, umemtukana. Na hiyo si mawazo ya mzee peke yake, korti kubwa ya Marekani ilisema karibu hivyo hivyo 1915, kwa kesi ya mhariri wa gazeti anaitwa George Burdick. Rais Wilson alimpa msamaha ili asikuwe na kisingizio cha kukataa kutaja waliompa habari, yeye akaukataa, na majaji wakasema ana haki ya kuukataa kwa sababu msamaha unabeba tuhuma ya hatia, na kuupokea ni kama kukiri.

Waingereza, ambao tulirithi sheria zao nyingi, wana mfano unaouma zaidi. Derek Bentley alinyongwa Januari 1953 akiwa na miaka 19, kwa mauaji ya polisi ambayo risasi ilipigwa na mwenzake, na wakati inapigwa yeye alikuwa ameshashikwa. Dadake alipigania jina lake miaka na miaka. 1993 wakatoa msamaha, tena wa nusu, unagusa adhabu tu, yaani wanasamehe kunyongwa kwa mtu ambaye amezikwa miaka 40. Hukumu yenyewe ilifutwa na Mahakama ya Rufaa 1998, dadake akiwa amekufa mwaka uliotangulia. Miaka mitano kati ya msamaha na kufutwa. Mimi nikifundisha wasaidizi wetu wa kisheria hapa nawaambia wakikumbuka kitu kimoja wakumbuke hiyo miaka mitano.

Na kuna jambo lingine naliona kwa maombi ninayosaidia. Ombi zuri la msamaha linanuka majuto. Mtu anaonyesha amejifunza, amebadilika, amesoma useremala, anajutia. Sasa asiye na hatia ajutie nini? Akisema ukweli, sikufanya, anaonekana sugu ambaye bado hajakubali kosa. Akisema najuta, amedanganya, na huo uongo utakaa kwa faili yake milele. Nimeona watu wakichagua uongo na siwalaumu hata kidogo, miaka kumi ndani inakufanya utie sahihi chochote.

Njia ya mzee iko kwingine, ni kifungu cha 50(6), ambacho hakitajwi sana. Ukihukumiwa, na rufaa yako ya mwisho ikakataliwa au hukukata rufaa kwa wakati, unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba kesi isikilizwe upya kama kuna ushahidi mpya na wa nguvu. Mzee hakukata rufaa. Siku ni 14, hakuwa na wakili, na anasema aliambiwa na wenzake akikata rufaa anaongezewa. (Inaweza kutokea, lakini haikuwa sababu ya kuogopa kesi kama yake.) Maana ya “mpya na wa nguvu” Mahakama ya Juu iliieleza 2014 kwa kesi ya Luteni Kanali Tom Martins Kibisu: uwe haukuwepo wakati wa kesi na hata ungetafuta kwa bidii usingeupata, uwe wa kuaminika, usiwe wa kurudia yale yale, na uwe unaweza kugeuza matokeo. Mlango upo lakini ni mwembamba.

Kwa nini nadhani mzee anaweza kupita? Alihukumiwa kwa macho ya shahidi mmoja, usiku, kwa tochi. Hiyo peke yake inatia wasiwasi, tangu 1953 kwa kesi ya Abdalla bin Wendo korti ya rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa inawaonya mahakimu kuhusu shahidi mmoja wa kutambua mtu kwenye mazingira magumu, lakini hilo ni la rufaa, si jipya. Kipya ni cherehani. Kwa vitu vilivyoibwa kulikuwa na cherehani, na mwenye nyumba alitoa risiti yenye namba ya mashine kortini. Miaka minne baadaye, mzee akiwa Kodiaga anapalilia mboga, mtu mwingine kabisa alishikwa kwa kesi nyingine na kwa orodha ya vitu alivyokutwa navyo kuna cherehani yenye namba. Mpwa wa mzee alikuwa kortini siku hiyo kwa mambo yake, akaandika hiyo namba nyuma ya tiketi ya matatu. Hiyo tiketi ndiyo ilikuwa kwa ile bahasha ya kaki.

Ndio, inawezekana yule alinunua tu kutoka kwa mwingine. Inawezekana pia mpwa alikosea tarakimu. Sijamwahidi mzee kitu. Tukishinda, hukumu ikianguka, hata hiyo kazi ya usoja anaomba akiwa msafi, na ya fidia tutaangalia, Kenya iliingia kwa mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa 1972 na ibara ya 14(6) inasema aliyefungwa kwa makosa alipwe ushahidi mpya ukionyesha hivyo. Kulipwa kwenyewe hapa kwetu ni petisheni nyingine na miaka mingine.

Ya kura tulimaliza wiki hiyo hiyo. Alienda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya kwao na kitambulisho, akaniambia baadaye aliogopa ile mashine ya vidole, ju mara ya mwisho kuwekwa vidole ilikuwa ni polisi, akadhani itapiga kelele. Ikachukua vidole kumi, wakamwambia asante mzee, anayefuata.

Sasa nangoja faili ya zamani, ju bila ile risiti ya kulinganisha namba, tiketi ya mpwa ni karatasi tu. Karani wa masijala alitafuta kwa rafu ya kwanza, akatafuta kwa sakafu penye wameweka zile zilizonyeshewa, akaniambia nirudi Alhamisi.