Mtoto wa Nairobi na nyota: tunayomwambia na yaliyo kweli

"Nairobi hakuna cha kuona, taa zimemeza nyota." Kati ya yote tunayomwambia mtoto kuhusu anga, hili ndilo linaloniuma zaidi, maana nusu yake ni kweli. Ukiwa juu ya paa la ghorofa kule Umoja au Pipeline, Njia ya Maziwa huioni. Lakini taa haziuzimi Mwezi, wala sayari kama Zuhura (Venus) na Mshtarii (Jupita). Egemeza darubini ya macho mawili ukutani isitikisike, umwonyeshe mtoto Mshtarii: ubavuni mwake ataona vinukta vya mwanga vilivyojipanga mstari mmoja. Ni miezi ya sayari hiyo, ileile aliyoiona mwanaastronomia Galileo mwaka 1610, na kesho yake itakuwa imehama.

Tena jiji letu liko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Mei, mnamo saa tatu usiku, mawingu yakiachia, utauona Msalaba wa Kusini, kundi la nyota zilizojipanga kama msalaba. Ukigeuka kaskazini, unazikuta nyota saba za Dubu Mkubwa. Mtoto wa London hauoni Msalaba huo kamwe akiwa kwao.

"Anga ni mambo ya Wazungu." Waswahili wana Kilimia, kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kulima. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani ilirushwa kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Pwani hiyo ilifaa kwa sababu kwenye Ikweta Dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi hupata msukumo huo bure. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na setilaiti yake ndogo angani. Taifa-1, setilaiti nyingine ya Kenya, ikafuata Aprili 2023.

"Usipokuwa mwanaanga, huna kazi." Kazi nyingi ziko hapa chini: kuandika programu, kuunda antena, kusoma picha za setilaiti ili kujua ukame umefika wapi.

"Darubini nzuri ni ile inayokuza mara nyingi zaidi." Mzazi, usinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza upana wa lenzi ya mbele, maana ndiyo inayokusanya mwanga, kisha uguse miguu ya darubini. Ikiyumba dukani, Mshtarii utarukaruka usiku kucha, na mtoto atarudi ndani kulala.