Istiara ni nini? Shujaa mwenye ngao iliyobonyea

Utenzi mrefu wa Kiingereza uitwao The Faerie Queene, alioanza kuuchapisha Edmund Spenser mwaka 1590, unafunguka kwa kijana aliyepanda farasi, anakatiza uwanda. Amevaa mavazi ya chuma, ana ngao ya fedha, na kifuani amechora msalaba mwekundu. Ngao yenyewe imebonyea hapa na pale, ina makovu ya mapigo mazito ya zamani. Halafu Spenser anadokeza jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: kijana huyu hajawahi kupigana vita hata siku moja.

Sasa makovu ya ngao yametoka wapi?

Anayeweza kulijibu swali hilo ameshaielewa istiara, hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe. Shuleni tulifundishwa sitiari: “Juma ni simba.” Kitu kimoja kinaitwa kingine, sentensi inaisha, tunaendelea. Istiara ni sitiari iliyokataa kuisha. Hadithi nzima, kuanzia safari hadi vita na farasi na vazi, inasimulia jambo moja huku ikizungumzia jingine, na hayo mawili yanatembea sambamba mwanzo hadi mwisho. Juu kuna kijana anakwenda kuua joka. Chini kuna Mkristo anajaribu kuishi anachokiamini.

Ngao imebonyea kwa sababu si yake. Katika barua aliyomwandikia Walter Raleigh, mtu wa jumba la kifalme la Uingereza, na kuichapisha pamoja na utenzi huo, Spenser anaeleza jinsi mambo yalivyoanza. Binti mmoja, Una, anafika kwenye jumba la malkia akiomba msaada: wazazi wake wamefungiwa ngomeni na joka kwa miaka mingi. Amekuja na farasi aliyebeba silaha za vita. Kijana mmoja mshamba, asiye na jina wala sifa, anaomba apewe kazi hiyo. Una anamwambia wazi kwamba silaha zile zisipomkaa, asijisumbue. Kisha Spenser anataja zilikotoka: ni zile alizoziandika Mtume Paulo kwa Waefeso.

Hapo msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani, maana maneno hayo wengi wetu tumeyakariri. “Vaeni silaha zote za Mungu,” anasema Paulo katika sura ya 6, kisha anavitaja kimoja kimoja: kweli kiunoni, dirii ya haki kifuani, ngao ya imani, chapeo ya wokovu, upanga wa Roho ambao ni neno la Mungu. Dirii, vazi la chuma la kukinga kifua, ni neno la Kiarabu. Chapeo, kofia ya chuma ya vitani, tumeipata kwa Wareno, na kwao ni kofia ya kawaida tu, ya kujikinga jua. Watoto wa shule ya Jumapili wanaimba maneno haya bila kuwahi kuiona dirii, na sidhani kama kuna ubaya.

Kwa hiyo makovu ni ya waliotangulia. Imani ilikuwapo kabla ya kijana huyu, imepigwa mishale kwa karne nyingi, na sasa imefika mikononi mwa mtu asiyejua hata kuishika. Spenser hakuliandikia mahubiri jambo hilo. Aliibonyeza ngao, akaendelea na safari.

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa askari wa namna hii, yule mpanda farasi wa Ulaya ya Zama za Kati mwenye kiapo, bwana wa kumtumikia na nembo yake ngaoni. Nitamwita shujaa tu. Waandishi wa Kikristo walimpenda mapema, kwa sababu mwili wake wote ulikuwa umevikwa vitu vinavyoweza kupewa maana. Katika karne ya 13, Ramon Llull wa kisiwa cha Mallorca aliandika kitabu kizima kuhusu daraja hilo la wapiganaji, akaeleza kila kifaa: upanga umeundwa kwa umbo la msalaba, mkuki ni kweli kwa sababu haupindi, na hata vile vyuma vya kisiginoni vya kumhimizia farasi vina maana yake, yaani bidii. Kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 5, mshairi Prudentius alikuwa ameshaziingiza fadhila na dhambi vitani, zikikatana kwa panga. Vitabu vya leo vya watoto na familia za Kikristo, vyenye ngome, mfalme aliyeondoka na atakayerudi, na vijana wanaojifunza upanga, vimetoka katika shina hilohilo.

Njia rahisi ya kuonyesha istiara ni majina, nayo si ngeni kwetu. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze alimwita mmoja Adili na ndugu zake Hasidi na Mwivu, ukajua mapema nani atamfanyia nini nani. Spenser naye ana Una, kwa Kilatini “moja”, kwa kuwa kweli ni moja. Na ana Duessa, ambaye ndani ya jina lake mna “mbili”, mwanamke wa nyuso mbili. Lakini jina ni ufunguo wa mlango tu. Hadithi nyingi dhaifu za aina hii huishia mlangoni: Bwana Uvivu analala, Bwana Kiburi anajisifu, Bwana Imani anashinda, na mtoto anafunga kitabu kwenye ukurasa wa tano. Namwelewa.

Tazama jinsi inavyofanywa vizuri. Mvua kubwa inamkuta shujaa na Una njiani, wanaingia msituni kujikinga. Humo kuna raha: ndege wanaimba, nao wanatembea wakiitaja miti na kazi ya kila mti. Mvua inapokatika wanataka kurudi, njia haionekani. Wanachagua ile iliyokanyagwa zaidi kuliko zote, na ndiyo inayowafikisha kwenye pango. Ndani mna dubwana, nusu nyoka nusu mwanamke, jina lake Upotovu. Linamviringisha shujaa kwa mkia mpaka hawezi kujitikisa. Una anampigia kelele aongeze imani juu ya nguvu zake. Anapolikaba koo, linatapika, na katika matapishi yake mna vyura wasio na macho, pamoja na vitabu na karatasi.

Vitabu na karatasi! Mtoto atacheka kwa kinyaa, na hiyo inamtosha kabisa. Mtu mzima atakumbuka kwamba Uingereza ya wakati ule ilikuwa imejaa vijitabu vya mabishano ya dini. Msomaji wa leo huenda akawaza simu yake. Na kabla ya yote hayo, ona walivyopotea: hakuna aliyewadanganya. Walikuwa wanapiga soga, mahali pazuri, wakakosa kutazama nyuma, kisha wakafuata walikopita wengi. Ukiziondoa maana zote, bado unabaki na mvua, msitu, pango na mkia unaobana. Kipimo changu cha istiara ni hicho: tabaka la juu lisimame lenyewe.

Watu huichanganya na mfano wa Injili. Mfano kwa kawaida ni mfupi na una shabaha moja. Baba wa Mwana Mpotevu anakimbia kumpokea mwanawe, basi, husumbuki kuuliza ndama aliyenona anawakilisha nini. Mfano wa Mpanzi ndio unaokaribia istiara, kwa sababu Yesu mwenyewe anafafanua kitu kwa kitu, ndege, mwamba, miiba. Tena si kila hadithi yenye maana ya Kikristo ni istiara. C. S. Lewis, aliyekuwa mtaalamu wa fasihi ya Zama za Kati, alikataa simba wa Narnia, nchi ya hadithi zake za watoto, asiitwe hivyo. Alisema ni dhana: tuseme kungekuwa na dunia nyingine kama ile, Kristo angekuja huko kwa sura gani? Rafiki yake Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, hakuipenda istiara kabisa. Aliona inampa mwandishi mamlaka makubwa mno juu ya msomaji. Ana hoja, ila nadhani ilimhusu zaidi Bwana Kiburi kuliko lile pango.

Kuna jambo moja mzazi anapaswa kulijua kabla ya kumsomea mtoto. Maadui watatu wa shujaa ni ndugu, na majina yao ya Kifaransa yana maana ya Bila Imani, Bila Sheria na Bila Furaha. Spenser amewafanya Wasarasini, jina ambalo Ulaya ya Zama za Kati iliwaita Waislamu. Duessa naye amevikwa mavazi yanayolielekeza kidole Kanisa la Roma. Mwandishi alikuwa Mprotestanti wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na chuki za enzi hiyo zimo. Mtoto anayekaa nyumba ya kupanga ukuta mmoja na kina Amina na Yusufu atauliza, na ni vizuri aulize. Jibu limo katika sura ileile ya Waefeso, mstari wa 12: “Kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama.” Istiara inapompa adui sura ya jirani yako, imeusahau mstari uliokuwa juu kidogo tu ya ile ngao.

Turudi kwenye hizo silaha. Katikati ya safari shujaa anachoka, anazivua, anakaa kando ya chemchemi na Duessa, anakunywa maji. Nguvu zinamtoka. Jitu linatokea na kumkamata hivyohivyo, bila dirii, bila ngao, na kumtupa gerezani. Hapo fundisho ni jepesi, mtoto yeyote atakuambia: asingevua.

Ila siku ya kupigana na joka lenyewe, vita vya siku tatu, Spenser analigeuza. Joka linamtemea moto, chuma kinashika joto mwili mzima, na silaha zilizomlinda muda wote huo ndizo zinazomuunguza kuliko kitu kingine. Nilipowasomea watoto sehemu hii, mmoja aliuliza kwa nini sasa asizivue. Alitaka. Spenser anasema waziwazi kwamba shujaa aliwaza kuzitupa na kuifungua chapeo, na ndipo joka likampiga kwa mkia, akaangukia, silaha zake zote mwilini, katika Kisima cha Uzima kilichokuwa nyuma yake.