Sinthipopu si kila wimbo wenye kinanda

Siku hizi ukipigwa wimbo wowote wa miaka ya 1980 wenye kinanda, mtangazaji hakosi kuuita sinthipopu. Sinthipopu ni popu iliyojengwa juu ya sinthesaiza: mdundo, besi na melodia vinatoka kwenye mitambo inayotengeneza sauti kwa umeme, na mtu anabaki kuimba. Basi. Kinanda kinachojazia tu nyuma ya magitaa hakitoshi.

Wengine wanakosea kwa upande wa pili, wakidhani likisikika gitaa moja tu sifa imepotea. Chukua Penthouse and Pavement, albamu ya kwanza ya bendi ya Kiingereza Heaven 17, ya 1981. Martyn Ware na Ian Craig Marsh walikuwa wametoka bendi ya The Human League mwaka uliotangulia, wakamchukua Glenn Gregory aimbe. Upande wa kwanza wa sahani umejaa gitaa la besi la John Wilson, lenye fanki hasa, ule mdundo wa besi wa kuchezesha. Sikiliza "(We Don't Need This) Fascist Groove Thang": besi inaachiwa uwanja, inachachamaa, lakini mashine ya ngoma haiyumbi hata chembe. Mashine ndiyo mwenye nyumba. Wilson ni mgeni, tena mgeni mwenye vituko.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kusema sinthipopu ni ya kuchezea tu, haina la kusema. Wimbo huohuo unaushambulia ufashisti waziwazi, na BBC iliukwepa kwa hofu kwamba unamkashifu Ronald Reagan, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu ya Marekani. Upande wa pili wa sahani kuna "Let's All Make a Bomb" ("tutengeneze bomu sote"), wakati Ulaya nzima ikiogopa vita vya nyuklia. Halafu jalada: wanamuziki wenyewe wamechorwa na suti na tai, wakipeana mikono na kuongea na simu, kama tangazo la kampuni. Wapo wanaolitazama wakadhani linasifia utajiri! Hawa walikuwa vijana wa Sheffield, mji wa Uingereza wa viwanda vya chuma, na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa chama cha Wahafidhina, alikuwa madarakani tangu 1979. Suti zile ni kejeli.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ule wimbo wa juzi uliouita sinthipopu, wenye magitaa mawili na dramu za kupigwa na mtu, uite tu popu ya miaka ya 80. Haupungukiwi kitu.